KAZI YA MUCHEZAJI WA KATIKATI: NJIA YA GAËL BIGIRIMANA TOKA BUJUMBURA MPAKA USKOTI



Kila siku wakati wa mapumziko tunasikia majina mu kiwanja yetu. Mumoja anapiga mupira na kupaza sauti: «Mimi njo Bakambu!» Mwingine anajibu: «Na mimi ni Wissa!» Hatujasikia hata siku moja mutoto mwenye anasema: «Mimi ni muchezaji wa divizio ya pili ya Uskoti.» Wenzake wangemucheka mpaka kengele. Lakini wachezaji wa namna ile ni wengi sana kupita wale wakubwa, na sisi tunafikiri kama ni wao wanaweza kutuonyesha kazi ya mupira ni kazi ya namna gani.

Sababu ya habari hii ni ulizo. Mwenzetu mumoja wa darasa la tano alituuliza: «Kama mutu anajua mupira vizuri, juu ya nini apoteze miaka ku masomo? Aache tu, aende kuutafuta mupira.» Hatukutaka kumujibu kwa mahubiri. Tulifikiri ni heri kutafuta mutu mumoja na kufuata njia yake hatua kwa hatua, kisha kila mutu ahukumu mwenyewe. Tulichagua jirani yetu, mutoto wa Burundi, mwenye alifika ku klubu kubwa, akashuka, akapanda kidogo, akashuka tena, na hakuacha kucheza. Jina lake ni Gaël Bigirimana.

1. MUTOTO WA WAKATI WA VITA

Gaël alizaliwa Bujumbura tarehe 22 mwezi wa 10, mwaka 1993. Wenye wanasoma historia watashituka kwa tarehe ile. Siku moja mbele yake, tarehe 21, waaskari walimuua Prezida Melchior Ndadaye, na vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza katika Burundi. Ile vita ilidumu miaka mingi. Jamaa ya Gaël ilikimbia, ikaenda Uganda kama wakimbizi. Katika mwaka 2004 walipata njia ya kwenda Uingereza, wakakaa mu muji wa Coventry. Yeye alikuwa karibu na miaka 11.

Hatuna lazima ya kueleza sana kwa wasomaji wetu maana ya kukimbia. Katika madarasa yetu tuko na wenzetu wenye walitoka upande wa Beni, wenye waliacha nyumba na shamba usiku mumoja. Wanajua namna mutu anaingia mu masomo mapya bila rafiki, na namna kiwanja ya mupira njo pahali pa kwanza pa kupata rafiki, kwa maana pale hawaulize unatoka wapi, wanauliza unajua kucheza ao hapana.

2. MAZIWA YA MAMA

Sasa musikie namna alianza. Siku moja mama yake alimutuma ku duka kununua maziwa. Katika njia akaona jengo la klubu ya Coventry City, pale wanafundisha vijana wadogo. Mutoto mwingine angepita tu. Yeye aliingia, akaomba wamujaribu. Hakuwa na barua, wala mukubwa wa kumusindikiza. Mwishoni wakakubali kumutazama, wakamupokea.

Tusipite haraka hapa. Wengi wanapenda kusimulia habari hii kama vile mambo yote yalitoka ku maziwa. Sivyo. Toka siku ile mpaka siku alicheza na ekipe ya wakubwa, ilipita miaka karibu 7. Ilikuwa miaka ya mazoezi, ya baridi, ya kungoja. Tena mujue jambo moja lenye wengi wetu hatukulijua: huko Uingereza kijana mwenye klubu inamufundisha hawezi kuacha masomo. Ni lazima aende ku masomo kama watoto wengine, na hata kisha miaka 16, wakati anaingia kuwa mwanafunzi wa kazi ya mupira, programu yake iko na saa za mazoezi na saa za kusoma. Wakubwa wa klubu wanajua vizuri kama wengi wa wale vijana hawatapata mukataba.

Gaël aliupata. Katika mwezi wa 8, mwaka 2011, mbele ya kutimiza miaka 18, alianza kucheza na ekipe kubwa ya Coventry katika divizio ya pili ya Uingereza. Mwisho wa mwaka ule wa mupira Coventry ilishuka mu divizio ya tatu. Lakini yeye alipata zawadi ya mwanafunzi bora wa mupira katika divizio ile, na mwezi wa 7, mwaka 2012, klubu ya Newcastle United ya ligi kubwa ikamununua, ikamupa mukataba wa miaka 5.

3. WA KATIKATI ANAFANYA NINI?

Mbele ya kuendelea tueleze kazi yake, kwa maana wengi wanaangalia tu mwenye anafunga magoli.

Muchezaji wa katikati anasimama pahali njia zote zinapitia. Wakati ekipe yake iko na mupira, anaupokea kwa walinzi na kuupeleka mbele. Wakati wameupoteza, yeye njo wa kwanza kukimbia kuutafuta. Kuna wa katikati wenye wanakaa karibu na washambulizi, na kuna wenye wanasimama mbele ya walinzi kwa kuvunja mipango ya ekipe ingine. Gaël ni wa namna hii ya pili.

Ni kazi nguvu kwa sababu adui wanamuzunguka pande zote. Mulinzi anaona kiwanja nzima mbele yake, lakini wa katikati anapokea mupira na mutu mwingine iko nyuma ya mugongo. Kwa hiyo muchezaji muzuri anageuza kichwa na kuangalia mara mbili, mara tatu, mbele mupira haujafika ku muguu. Siku ya posho mutazame wenzenu: mwenye anaangalia kwanza atapitisha mupira kwa mupigo mumoja. Mwenye haangalie, watamunyanganya.

Kazi ile ni kama chumvi ndani ya sombe. Ikiwa ya kutosha hakuna mutu anaitaja. Ikikosekana, meza nzima inauliza.

4. NGAZI YA DIVIZIO

Huko Uingereza kuna ligi kubwa ya klubu 20, na chini yake divizio tatu zenye klubu 24 kila moja. Jumla ni klubu 92. Kisha kunafuata divizio ya 5 na zingine nyingi za chini.

Uskoti ni inchi ya kaskazini, iko chini ya ufalme mumoja na Uingereza, lakini iko na ligi yake na ekipe yake ya taifa. Toka mwaka 2013 ligi yao iko na klubu 42: ligi ya juu klubu 12, na divizio tatu za chini, klubu 10 kila moja. Katika zile mbili za mwisho wachezaji wengi hawaishi na mupira peke yake. Muchana mumoja ni fundi wa umeme, mwingine ni mwalimu, mwingine anaendesha gari. Magaribi, mara mbili hivi kwa juma, wanafanya mazoezi. Siku ya posho wanavaa viatu na kucheza. Hii njo maisha ya muchezaji wa divizio za chini, hata katika Ulaya yenye tunaiona mu televizio.

Kila mwaka wenye wameshindwa wanashuka, wenye wameshinda wanapanda. Mukataba unaisha, muchezaji anatafuta pahali pengine. Mutu anaweza kuanza juu na kumaliza chini, na hakuna mwenye atamupigia magoti abaki.

5. MUKOPO, NA SIKU YA MUGANGA

Mwaka wa kwanza ku Newcastle ulikuwa muzuri. Tarehe 3 mwezi wa 12, mwaka 2012, Gaël alifunga goli lake la kwanza katika ligi kubwa, kwa shuti ya mbali, juu ya Wigan. Alikuwa na miaka 19. Kama tungeandika habari hii wakati ule, tungesema: «Huyu amekwisha kufika.»

Kumbe hapana. Alianza kukosa nafasi. Mwezi wa 2, mwaka 2015, Newcastle ilitoa wachezaji 5 kwa mukopo ku klubu ya Rangers ya Glasgow, katika Uskoti. Mukopo katika mupira ni sawasawa na jembe lenye unampa jirani kwa kulima: analitumia, lakini mwenye jembe ni wewe, na atalirudisha. Katika wale 5 kulikuwa Gaël, na tena Kevin Mbabu, Muswisi mwenye mama yake ni Mukongomani.

Rangers ni klubu kubwa sana, lakini wakati ule ilikuwa katika divizio ya pili. Juu ya nini? Juu ya feza. Katika 2012 kampuni yake ilianguka kwa madeni, na klubu ikaanza tena katika divizio ya 4, ikapanda ngazi moja moja. Tunataja hili kusudi muone kama hata klubu inaweza kuanguka toka juu mpaka chini kabisa, si muchezaji tu.

Gaël alifika Glasgow. Muganga akamupima, kama wanapima kila muchezaji mupya. Wakaona shida moja ya afya. Alibaki pale mpaka mwisho wa mwaka wa mupira na hakucheza hata dakika moja.

Wenzetu, mufikiri siku ile. Kijana wa miaka 21 mwenye mwili wake njo shamba yake, njo duka yake, na muganga anamuambia kwanza asimame. Hakufanya kosa lolote. Mukataba hausomi bidii ya mutu. Mwili ukisimama, kazi inasimama.

6. WEMBLEY

Kisha akarudi ku klubu ya utoto wake, Coventry. Safari hii Coventry ilikuwa katika divizio ya tatu, na ilikuwa na matata mengi. Lakini tarehe 2 mwezi wa 4, mwaka 2017, ilifika ku fainali ya kombe la divizio za chini, katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu zaidi ya 70,000. Adui alikuwa Oxford United. Goli la kwanza lilifungwa na Gaël Bigirimana, ule mutoto wa maziwa. Coventry ilishinda 2-1.

Na katika mwaka uleule wa mupira Coventry ilishuka mu divizio ya 4. Kombe mukononi, na chini ya miguu ngazi imevunjika. Mupira wa divizio za chini uko vile: furaha na huzuni vinaingia kwa mulango mumoja.

7. USKOTI MARA YA PILI

Mwaka ule 2017 Gaël alirudi Uskoti, na safari hii alicheza. Klubu yake ilikuwa Motherwell, ya muji mudogo karibu na Glasgow wenye zamani uliishi na kazi ya chuma. Kiwanda kikubwa cha pale kilifungwa mwaka 1992. Ni Motherwell hii yenye ilizuia Rangers kupanda katika 2015: walishindana mara mbili, na jumla ilikuwa magoli 6 kwa 1.

Motherwell ilikuwa katika ligi ya juu, lakini si klubu ya feza nyingi. Katika mwaka wa mupira wa 2017-2018 ilifika ku fainali mbili, ya Kombe la Ligi na ya Kombe la Uskoti. Zote mbili ilishindwa na Celtic, 2-0 na tena 2-0. Mwanzo wa 2019 Gaël alihamia Hibernian, klubu ya Edinburgh.

Katika miaka ile hakuwa Mwafrika peke yake wa katikati kule. Mukongomani wetu Youssouf Mulumbu, muzaliwa wa Kinshasa, mwenye alikuwa kapiteni wa Leopards wakati walipata nafasi ya 3 katika Kombe la Afrika la 2015, naye alibaki miezi bila klubu katika 2017. Kilmarnock ya Uskoti ikamupokea mwezi wa 11. Alifanya kazi vizuri, na katika 2018 Celtic ikamuchukua. Mutu mwenye amecheza miaka katika ligi kubwa ya Uingereza alikubali klubu ndogo, kusudi asikae bure.

8. KISHA

Mwezi wa 3, mwaka 2019, Burundi ilitoka sare 1-1 na Gabon mu Bujumbura, na kwa mara ya kwanza ikapata njia ya kwenda Kombe la Afrika. Gaël alikuwa katika kikosi kilichokwenda Misri. Walishindwa mara tatu, na Nigeria, Madagaska na Guinea, bila kufunga goli. Lakini muulize Murundi yeyote kama walikuwa na haya. Inchi yenye ilimupoteza mutoto kwa vita ilimuona tena na rangi zake.

Kisha alicheza ku Solihull Moors, divizio ya 5 ya Uingereza. Ku Glentoran ya Belfast, katika Ayalandi ya Kaskazini. Na katika 2022 ku Young Africans ya Dar es Salaam, miezi michache tu. Mwaka 2023 aliingia Dungannon Swifts, klubu ndogo ya Ayalandi ya Kaskazini. Ile klubu ilipata Kombe la Ayalandi mwaka 2025, mara ya kwanza katika historia yake.

9. JIBU LETU

Sasa turudi kwa ulizo la mwenzetu wa darasa la tano.

Ndugu yetu, hatusemi uache mupira. Gaël hangefika pahali kama angepita mbele ya ule mulango na maziwa yake na kunyamaza. Lakini uhesabu vizuri. Alikuwa na kipaji, alikuwa na walimu, viwanja, waganga, na mukataba wa miaka 5 ku klubu kubwa. Na bado, akiwa na miaka 21, muganga mumoja alisimamisha kazi yake yote. Wewe ukiacha masomo, siku muguu utakapovunjika ku kiwanja yetu ya mawe, utashika nini?

Wazee wetu wanamukumbuka Ndaye Mulamba. Katika Kombe la Afrika la 1974, Misri, alifunga magoli 9, na hakuna mwenye amepita hesabu ile katika kombe moja. Kisha aliishi maisha ya taabu katika Afrika ya Kusini, akilinda magari ya watu kwa kupata chakula, na alikufa mwaka 2019. Magoli 9 hayakumuzuia kuingia katika taabu.

Na hapa kuna onyo, hasa kwa wazazi. Sheria ya FIFA inakataza klubu kuandikisha mutoto wa inchi ingine mwenye hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi wamehama kwa sababu yenye si ya mupira. Gaël alifika Uingereza pamoja na jamaa yake kama mukimbizi. Hakuna klubu ilimuita. Kwa hiyo mutu akifika hapa Bulengera na kusema atamupeleka kijana wa miaka 15 ku klubu ya Ulaya, na anaomba baba auze shamba la kahawa kwa kulipa safari, mumujibu: «Tuonyeshe karatasi.» Na karatasi ikija, lazima awepo mutu katika nyumba mwenye anaweza kuisoma mpaka mwisho. Mukataba unaandikwa kwa Kifaransa ao kwa Kiingereza, na maneno mabaya yanafichwa ku ukurasa wa mwisho. Huyo musomaji, ndugu yetu, ni wewe, kama utamaliza masomo.

Ucheze Nyuki, ucheze Socozaki, ufike hata Uskoti kama Mungu anapenda. Tutakuwa wa kwanza kukupigia makofi. Lakini ufanye kama muchezaji wa katikati: mbele mupira haujafika ku muguu, geuza kichwa, uangalie nyuma yako kuko nani. Mutihani wa Serikali unakaribia.

Siku ya posho saa tisa darasa la tano litashindana na darasa la sita. Wenye wanataka kutuandikia juu ya habari hii, wapeleke barua kwa wenye kutengeneza gazeti, mbele ya mwisho wa mwezi.